Risasi za Udongo

Asubuhi hapa Satwa, ughaibuni, muuza maua alimwagilia vyungu vyake, na harufu ya udongo mbichi ikanisimamisha njiani. Akilini nikamwona bibi yangu, enzi za utoto wangu kijijini, amechutama uani, akiviringisha risasi za manati. Ngedere walikuwa wakimaliza mahindi yetu, na kila jiwe nililorusha lilikwenda kombo.

“Jiwe lina pembe, mjukuu wangu,” alisema. “Udongo uviringishe mpaka kiganja kisihisi pembe yoyote.”

Tulizianika juani, tukachagua zilizolingana uzito. Ya kwanza ilipita kando. Ya pili ikampata ngedere dume makalioni. Akaangusha hindi na kutimua mbio akipiga kelele.

Bibi alicheka mpaka kanga ikamlegea, kisha akaninyang’anya manati.

“Lete, sasa zamu yangu!”