Hewa Iliyokosa Mlango

Mume wangu alipostaafu upolisi, tulihama kambi ya Naguru tukaingia nyumba yetu wenyewe, Ggaba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupambana na popo. Waliingia darini kupitia nafasi iliyo chini ya upenu, pale mabati yanapokutana na ukuta. Alipanda ngazi na karai la saruji, akaiziba nafasi hiyo kuzunguka nyumba nzima. Popo wakahama. Alifurahi kwa wiki nzima.

Mimi hushona nguo, na cherehani yangu iko sebuleni. Tangu hapo, ikifika saa nane mchana, joto lilishuka kutoka darini likanikalia mabegani. Feni ilizungusha joto lile lile. Siku moja bibi harusi alikuja kujaribu gauni, mara akaketi sakafuni na kuomba maji. Nilimpepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo, huku nikiona aibu.

Kanisani kwetu tulisali na seremala mmoja, mkimbizi kutoka Kongo ya mashariki. Nilimwomba aje kutazama. Alifungua kidirisha cha dari, akaingiza kichwa, akakitoa upesi.

"Mama, huku juu ni tanuri," alisema. Kisha akamgeukia mume wangu. "Afande, hewa ya moto inapandaka. Ikifika kwa mabati inatafuta njia ya kutoka. Nani alifunga?"

"Mimi. Nikifungua, popo watarudi."

"Tutaweka wavu. Popo hapiti, hewa inapita."

Mume wangu alitikisa kichwa. Basi seremala aliomba kaa la moto na majani mabichi ndani ya kopo, akapanda nalo darini. Moshi ulijaa ukatulia pale pale. Mume wangu naye alipanda ngazi, akautazama mpaka machozi yakamtoka. Kisha akashuka. Alikwenda kutafuta nyundo na patasi.

Walifanya kazi siku mbili. Walitoboa saruji chini ya upenu pande zote, wakafunika matundu kwa wavu wa chuma. Juu kabisa, seremala aliinyanyua kidogo kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele, akaacha upenyo mrefu ambao mvua haiwezi kuufikia.

"Hewa ya baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu," alinieleza. "Hakuna mtu anaisukuma. Hakuna umeme."

Kopo lilipandishwa tena. Safari hii moshi ulijikusanya ukakimbilia juu, na kutoka uani niliuona ukichungulia kwenye paa.

"Kumbe nilifukuza popo, nikafungia joto," mume wangu alisema, akacheka mwenyewe.

Nyumba haikugeuka barafu. Kiangazi bado ni kiangazi. Lakini sasa nashona mchana kutwa, naye husinzia kwenye kochi karibu yangu, redio ikijisemea. Na jirani yeyote akianza kuezeka, mume wangu huvuka barabara kwenda kumwuliza hewa itatokea wapi.