Mkasi wa Msimamizi
Katika ukumbi ule wa Cleveland, ambako watu wazima hufungana kamba kwa ridhaa yao, wageni huogopa moto na mijeledi. Msimamizi wa usalama, mkasi kiunoni, huchunguza vidole, maana kamba huweza kuumiza neva za mkono bila maumivu yoyote. Kila aliyefungwa, msimamizi humwekea vidole vyake viwili kiganjani na kumwambia, "Nibane." Jumamosi ile Odessa, aliyening'inizwa na mumewe, alitabasamu tu, kiganja hakikubana. Msimamizi akamkumbatia kiuno, akakata kamba.

"Mama, umetuharibia!" mume akamfokea msimamizi.

"Na mimi hata sikulalamika," Odessa akasema, mkono umelegea kama si wake.

"Ndiyo maana nimekata." Msimamizi akamwekea tena vidole viwili kiganjani. "Jaribu, mwanangu. Nibane."