Shangazi Nilijua-Tu na Jicho la Ndani

Shangazi yangu ana kipawa. Haya si maneno yangu, ni yake, na huyarudia kila anapopata msikilizaji. Anasema ana jicho la ndani. Yale ya nje yanahitaji miwani, ila miwani haivai kwa sababu eti inamzeesha.

Kazi yake ni ushonaji. Chumba cha mbele kina cherehani ya miguu, kioo kirefu kilichopasuka kona, na kochi lililofunikwa na nguo za watu walioambiwa waje kesho. Futi ya kupimia haitoki shingoni mwake. Mtaani wanamwita Nilijua-Tu, maana halijawahi kutokea jambo ambalo hakulijua. Mwenye duka kakimbiwa na mkewe? "Nilijua tu." Bomba limepasuka? "Nilijua tu." Ajabu ni kwamba habari hizi hulifikia jicho la ndani zikishamfikia kila mtu mwingine.

Nisimwonee, kuna siku alipatia kweli. Bibi harusi alikuja kujaribu gauni, Shangazi akazungusha futi kiunoni, akafumba macho na kunong'ona, "Wewe, mna mtoto humo." Msichana akaangua kilio, mama yake nusura azimie. Tangu hapo wanawake wakapanga foleni, wengine hata kitambaa hawana. Hakuna aliyefikiri kwamba fundi aliyekupima mwezi jana na kukupima tena leo hahitaji malaika wa kumwambia kiuno kimepanuka. Na wale aliowatabiria mapacha wakazaa mmoja mmoja? Hao hawasimuliwi.

Mume wangu ni mwalimu wa sayansi, mtu mpole ila kunyamaza hakuwezi. Jumapili moja alichora picha kwenye vipande vya karatasi, akavichanganya, akavifunika mezani na kumwomba Shangazi ataje picha ya kila kimoja. Shangazi alipatia kadiri ambavyo mbuzi wa jirani angepatia.

"Karatasi zako nzito," akalalamika. "Hazipitishi nuru."

"Shangazi, watu wamelijaribu jambo hili miaka na miaka," mume wangu akamwambia. "Hata wasomi waliotamani sana liwe kweli. Wakiziba mianya yote, anayejaribiwa asione wala asidokezwe kitu, kipawa kinayeyuka. Wewe huoni, unapima. Halafu unakumbuka ulipopatia, unasahau ulipokosea."

"Mkwe wangu," Shangazi akajibu kwa upole wa kuua, "popo naye haamini kama kuna jua."

Watu wakacheka, na sayansi ikaenda zake nyumbani kula.

Mumewe Shangazi ni fundi rangi. Tunamwita Baba Ngazi, kwa kuwa maisha yake yamepita juu ya ngazi. Mwaka ule alianza kupungua. Shangazi akambania suruali, kisha akambania tena, huku akimtania kwamba anarudi ujanani. Mzee akawa anakunywa maji jagi kwa jagi na kuwa kiguu na njia, safari zenyewe za msalani. Kidole cha mguu kilichochubuliwa na kiatu kikagoma kupona. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kumbe walikuwa wanamsema fundi cherehani.

Nilimwambia Baba Ngazi aende hospitali. Akamtazama mkewe. Shangazi akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Hana kitu. Kingekuwepo, si ningekiona?"

"Umesikia mwenyewe," mzee akaniambia, akaondoka akichechemea.

Nilikasirika. Mtu mzima anamwamini mkewe kuliko mguu wake mwenyewe, na mguu huohuo ndio anaousimamia juu ya ngazi. Nikamwambia mume wangu kwamba yule mzee hatakwenda popote mpaka jicho la ndani limruhusu.

"Basi tuliulize tena," akasema. "Ila safari hii hatufichi picha. Tunaficha jina."

Nikampima Baba Ngazi kiuno kwa kisingizio cha kutaka kumnunulia mkanda, na kesho yake asubuhi tukaenda kwa Shangazi. Alikuwa anashona, hakuinua uso.

"Shangazi, kuna mtu anataka kubaniwa suruali," mume wangu akaanza, akamtajia kiuno cha zamani na cha sasa.

"Kapungua hivyo bila kujinyima chakula?"

"Bila."

"Anakunywa maji sana?"

"Kutwa nzima."

"Ana kidonda?"

"Kidoleni, mguuni. Hakiponi."

Cherehani ikasimama. Safari hii hakufumba macho. "Huyo si wa kubaniwa suruali! Mpelekeni hospitali leo hii. Mshonaji mwenzangu wa kule sokoni alianza hivyohivyo, ikawa sukari, wakamkata mguu. Kwani huyo mtu hana mke? Mkewe haoni?"

Mume wangu, yule asiyeweza kunyamaza, akanyamaza. Aligeuka tu akatazama dirishani. Nje Baba Ngazi alikuwa anapaka rangi lango, uzito wote ameutupia mguu mmoja, ule mwingine ameuinua kidogo kwenye kandambili. Shangazi akatazama alikotazama mkwewe. Akainuka, futi ikamdondoka, akaikanyaga akitoka nje bila viatu.

Daktari alisema ni sukari, na imepanda mno. Kidole kimeoza, kitakatwa. Mguu utapona kwa sababu tumefika leo, si wiki ijayo, lakini ngazi, basi tena.

Jioni wodi ilijaa majirani. Kila mmoja alikuwa anamtazama Shangazi, wanangoja kama kawaida yao. Yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameishika suruali ya mumewe mapajani, anapapasa pale kiunoni alipobana mara ya kwanza na ya pili. Baba Ngazi akajitahidi kuchekesha.

"Haya, mke wangu, sema neno lako watu waende makwao."

Shangazi akaikunja ile suruali.

"Sikujua," akasema.

Miaka yote nilikuwa nalingoja neno hilo. Jioni ile nilitamani sana angesema lile lingine.