Gari Lisiloingia Sokoni kwa Kamba

Muuza dagaa wa Nkome ana mikono inayonuka samaki na petroli kwa pamoja, na pikapu yake kuukuu ikimzimikia njiani, hatukani wala haombi. Leo ilizima ghafla karibu na Bugarama, ikagoma kuwaka. Akafungua boneti, akaigonga injini kwa vifundo vya vidole kama abishaye hodi. Eufrasia, jirani yake, alitazama wingu jeusi likija, akatazama na turubai lenye matundu lililofunika mzigo wao nyuma ya pikapu. Dagaa wao wakilowa, wamebaki chakula cha kuku.

Lori likasimama, vijana wakachungulia. "Mayu, mama yetu, hilo lipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu! Tukuvute?"

"Gari langu haliingii sokoni kwa kamba," akajibu bila kugeuka, kwa ile sauti yake ya chini inayowafanya watu wasogee. Akachomoa waya wa plagi, Eufrasia akapiga stata, cheche ikaruka. "Moto upo. Basi ni mafuta." Akagusa pampu, akarudisha vidole upesi: imechemka, petroli imegeuka mvuke. Akafungua kanga ya kiunoni, akailoweka kwa maji yao ya kunywa, akaizungushia pampu.

"Sasa unaliuguza?" wakacheka.

"Mgonjwa ni wangu, homa inawauma nyinyi?"

Akangoja, mkono juu ya kanga. Kisha akapiga stata. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma. Eufrasia akapiga kigelegele; yeye akatoa tu kichwa dirishani.

"Kamba yenu iwekeni karibu, wanangu. Mvua ikinyesha, mtakwama kwenye tope. Nitarudi niwavute."