Sanduku la Samaki la Data

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyolibomoa sanduku la samaki la baba yangu. Naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Mama yenu akinisikia nasema hivyo ananuna, lakini ndivyo ilivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Kakese. Nilikuwa fundi wa vioo, kijana wa miaka ishirini na kitu, kikatio mfukoni na majivuno kichwa kizima. Data alikuwa amehamia kwangu kwa sababu miguu ilimvimba. Sisi tuliotoka Burundi baba tunamwita data. Miaka mingi alifanya kazi Karema, ziwani, akivua wale samaki wadogo wa rangi wanaopelekwa Ulaya kufugwa kwenye vioo. Tajiri wake alipofunga kazi alimwachia sanduku moja la kioo. Data akalipakia kwenye lori, akalizungushia godoro, na ndoo ya samaki watatu, na madumu ya maji ya ziwa. Godoro lilichanika njiani. Kioo hakikupata hata mkwaruzo.

Tuliliweka mezani, usawa wa macho yake akiwa amelala, maana kuinuka alikuwa hawezi tena. Kutwa nzima anaangalia samaki wake. Mimi nilikuwa nachota maji kwa kopo na kuyamwaga kwa juu yapate hewa, kama alivyonielekeza, huku nanung'unika kwamba mtu mzima na ufundi wake wote anahudumia dagaa.

Mmoja alikuwa jike, na jike huyo alikuwa na mayai mdomoni. Usishangae, wapo samaki wa Tanganyika wanaolea hivyo. Anayabeba mdomoni mpaka yawe watoto, wiki tatu, nne, hali kitu. Siku ikifika anawatoa wacheze. Wakishtuka anafungua mdomo, wote wanarudi ndani. Hicho ndicho Data alikuwa anakisubiri. Sababu aliniambia mara moja tu.

"Mama yako alikuvusha ziwa hivyo hivyo," alisema. "Siku nane hajala, chochote akipata anakupa wewe. Nikimwangalia huyu namwona yeye."

Mama alifia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka ule ule tuliofika. Mimi sura yake siijui.

Basi siku moja nikaingia na stuli begani, mguu wake mmoja ukagonga sanduku. Ufa ukapiga kwenye kona ya chini, mfupi kama kidole, maji yakaanza kudondoka. Nikawahamishia samaki kwenye beseni. Data hakunigombeza.

"Siyo kitu, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kirundi chetu. "Kata kipande cha kioo, kibandike kwa ndani juu ya ufa. Gundi yangu ipo kwenye begi, ile inayonukia kama siki. Tunaiacha ikauke siku tatu, tunajaza maji."

Alikuwa sahihi, na mimi nilijua. Ni kazi ya asubuhi moja. Lakini nikaona kiraka kitaniaibisha. Fundi mzima, wageni waje waone kwangu kioo kina kiraka?

"Data, hilo limekwisha," nikamwambia. "Nimeagiza vioo Tabora, vinakuja na treni wiki hii. Nitakutengenezea jipya, kubwa mara mbili."

"Mimi sijaomba kubwa."

"Utalipenda."

Akageuza uso ukutani, na mimi nikachukulia kwamba amekubali. Kumbe mzazi mgonjwa, anayelishwa na wewe, hana nguvu ya kukubishia mara ya pili. Hilo nimekuja kulijua sasa hivi nikiwa mzee.

Wakati ule kioo huku Mpanda kilikuwa adimu, na fundi hatupi kipande kizima. Kesho yake nikalibomoa sanduku, nikakata pande zake nzima, nikaenda kuziweka kwenye dirisha la bwana mmoja wa kule Kasokola aliyekuwa anakaribia kuoa. Nilirudi napiga mluzi.

Mvua zikanyesha, reli ikakatwa na maji. Wiki ya kwanza, hakuna treni. Ya pili, hakuna. Samaki wako kwenye beseni sakafuni, na Data kitandani haoni chochote zaidi ya ukingo wa plastiki. Kila asubuhi ananiuliza, "Ameshawatoa?" Namjibu bado. Nilifikiria kwenda Kasokola kung'oa vile vioo. Nilifika mpaka njia panda. Nikaona aibu, nimwambie nini mwenye nyumba? Nikarudi. Ile njia panda, mwanangu, ndiyo inayoniuma kuliko stuli na kuliko ubomoaji wenyewe, maana pale nilikuwa bado naweza kurekebisha.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikawaona. Vitoto kama mbegu za mtama, vinamzunguka mama yao. Nikapiga kelele, "Data, amewatoa!" Akajaribu kuinuka, hakuweza. Nikajaribu kumwinua, akalia kwa maumivu. Nikachukua glasi ya kunywea maji, nikachota haraka, vyote vikakimbilia mdomoni kwa mama yao, nikaambulia kimoja. Nikamsogezea Data karibu na macho.

Alikiangalia muda mrefu.

"Huyu yuko peke yake," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Akaniambia nikirudishe haraka kisije kikafa kwa upweke. Data alifariki siku ya tano baada ya hapo. Treni ilikuja tumeshaanua tanga. Vioo vilikuwa vizuri, vinang'aa, havina hata alama. Sikutengeneza kitu. Nilikaa navyo sakafuni nikalia mpaka jirani akaja kuniuliza kuna nini tena.

Ile nyumba ya Kasokola ipo mpaka leo. Nikipita natazama pembeni.

Sasa nakuusia. Kitu cha mzazi wako kikiharibika, usianze kukiangalia kwa macho ya ufundi wako. Muulize kwanza anakitumia kufanya nini, kisha mpe hicho, leo, hata kwa kiraka. Cha zamani usikivunje kabla kipya hujakishika mkononi. Na ukikosea, ukafika njia panda yako, usigeuke kwa sababu ya aibu. Nenda kagonge mlango, sema nimekosa, naomba kile kioo.

Mungu akujalie ukae na wazazi wako muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi na wangu. Akulinde mdomoni mwake kama yule samaki, na siku ya kutoka, akutoe mahali ambapo wanaokupenda wanakuona. Amina, mwana wanje.