Lori Chini ya Migomba Yetu

Leo lori limeshuka mteremko wa Isongole likinuka breki zilizoungua, nikamkumbuka yule dereva. Alitushusha kwenye lori lake katikati ya mlima, kwenye mvua na ukungu, kwa sababu mdogo wangu mgonjwa alitapika kwenye kiti. Mama alimbeba mgongoni kwa miguu kwenda hospitali Tukuyu. Hakumfikisha akiwa hai.

Masika hayohayo lori lake lilinasa kwenye tope chini ya migomba yetu. Dereva akapanda kwetu.

"Mama, naomba vijana wanisukumie." Hakumtambua.

Mama akawaambia majirani waliokuja na majembe kusaidia, "Ndiye huyu."

Wakaweka majembe chini, wakakaa. Dereva akachimba tope kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Mama, aliyekuwa hajacheka tangu msiba, akacheka kwa sauti.