Sauti ya bibi yangu imo kwenye diski, na mume wangu hataki kuzima kompyuta

Admin, nifichie jina tu, mengine yaache kama yalivyo. Mume wangu naye anaufuata ukurasa huu. Akisoma atajijua, na ajijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Ruangwa, kwetu Nachingwea. Tuna mtoto mmoja na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta ni yangu, nilikuja nayo kabla ya ndoa. Niliiwekea Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta inayotolewa bure kihalali, maana bibi aliyenilea alinifundisha kuwa cha wizi hakina baraka hata kiwe kitamu vipi. Windo ya kukraki, yaani Windows iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, nimeikataa tangu chuo. Kwa hilo mume wangu ananiita ustadhati wa kompyuta, tena mbele ya wateja.

Simnyimi haki yake. Mafaili mengine ya wateja yalikuwa yakifunguka maneno yamehama mistari, mteja anasonya, anakwenda kibanda cha jirani. Mume wangu akawa ananiambia, "Mama watoto, mji mzima unatumia ya kukraki. Peponi utaingia peke yako?" Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Bibi amefariki mwaka huu. Kabla ya hapo nilimrekodi akisimulia hadithi zake kwa Kimwera na kuimba nyimbo za kupalilia, akisahau anacheka mwenyewe. Simu niliyorekodia iliibiwa mnadani, zikabaki kwenye kompyuta. Nilipokwenda Nachingwea kwenye arobaini, mama alinishika mkono akasema, "Ukirudi huko unitumie kwenye simu, nimsikie mama yangu." Nikamwahidi.

Nikiwa huko huko kwenye arobaini, mume wangu akamwita rafiki yake aje apige windo ya kukraki kwenye kompyuta yangu. Eti walikuwa makini. Walichomoa diski, wakaichomeka kwenye laptop ya rafiki ili waone kama kuna vitu vyangu. Laptop yenyewe ina windo, na windo haisomi diski ya Linux. Ikawaambia diski inataka kufomatiwa, yaani kufutwa na kuandaliwa upya. Wao wakaelewa haina kitu, wakabonyeza kukubali, kisha wakairudisha na kupiga windo yao.

Niliporudi nilitafuta sauti za bibi kila mahali kwenye kompyuta, sikuziona. "Tuliangalia, mke wangu, ilikuwa tupu," akasema, huku anamalizia chai yake. Bibi yangu mzima humo, yeye anaita tupu.

Nikampigia fundi niliyesoma naye. "Dada, zima hiyo mashine sasa hivi," akasema. "Sauti zinaweza kuwa bado zimo, ila kila kitu kipya mnachohifadhi kinazifuta. Chomoa diski uniletee." Nikamweleza mume wangu, nikamwambia nitanunua diski nyingine, tusimame siku moja tu. Akasema shule zimeleta mitihani, siku moja inatosha wateja kuhama. Kisha akaongeza, "Bibi keshazikwa, mwache apumzike. Ukigusa hiyo diski, rudi kwenu Nachingwea ukamsikilize huko."

Neno hilo limenichoma kuliko msiba wenyewe. Aliyeleta cha wizi nyumbani ndiye anayetaka kunifukuza nikichukua kilicho changu. Na mimi kwa malezi yale nakaa najiuliza, nikichomoa kitu changu mwenyewe kwa kujificha, nitakuwa tofauti gani na yeye?

Leo mama amepiga simu. "Mwanangu, mbona hutumi?" Nikamwambia mtandao unasumbua. Mimi niliyekataa programu ya wizi miaka yote hii, nimemdanganya mama yangu mzazi.

Bisibisi ninayo kwenye mkoba. Naandika haya kwa simu, printa inalia pembeni yangu, mume wangu anahifadhi mtihani wa darasa la nne. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na msichelewe kunijibu, maana kila anapohifadhi, bibi anapungua.